MREJESHO: Kobalti kloridi iliyogoma kurudi pinki

Wakuu, niliuliza kwa nini myeyusho wangu wa kobalti kloridi ulibaki wa buluu hata ndani ya barafu, wakati kitabu kinasema ukipoa unarudi pinki. Mliniambia nihesabu kloridi kwanza. Mlipatia!

Nilikuwa nimemimina asidi kali ya haidrokloriki kama mtu anayetia maji kwenye uji. Kloridi zilipojaa, msawazo (hali ambapo mmenyuko unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa) ulisukumwa wote upande wa buluu, ambako kila ayoni ya kobalti imeshikwa na kloridi nne badala ya molekuli sita za maji. Barafu peke yake isingeweza.

Jana nimerudia, fundi wa maabara akiwa pembeni. Nimeongeza maji tone kwa tone mpaka ikawa zambarau, nikagawa kwenye neli tatu. Moja kwenye maji ya moto: buluu. Nyingine kwenye barafu: pinki. Ya tatu nikaiacha ya kulinganishia. Zile mbili za kwanza nikazibadilisha nafasi mara nne, rangi nazo zikabadilishana (hapo nilicheka peke yangu).

Kwa hiyo kuelekea buluu mmenyuko unafyonza joto. Na kilichonichanganya zaidi kimekaa sawa: kuongeza maji au asidi kunasogeza msawazo tu, ila joto linabadilisha K yenyewe, yaani namba inayoonyesha msawazo umeegemea upande gani. Yule niliyembishia kuhusu kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko), samahani, ulikuwa sahihi: kinaharakisha pande zote mbili sawasawa, hakisogezi msawazo.

Mabaki tumeyaweka kwenye chupa ya taka, kobalti ni sumu, msimwage kwenye sinki.