Naomba ushauri: GTA V kwenye kibanda cha gemu

Wanajamvi, habari zenu. Kibanda kipo Ngamiani, Tanga, tunatumia mashine ya gemu ya PS4. Watoto wa shule wanaililia GTA V, gemu ya 2013 ambayo Ulaya imepewa alama ya miaka 18. Mvuto wake naujua: unazurura na gari mji mzima utakavyo, hata misheni (kazi unazopewa ndani ya gemu) ukiziacha. Lakini ipo misheni ya kumtesa mtu kwa koleo na umeme. Hiyo si ya mtoto kabisa.

Nimebadilisha nywila ya vizuizi vya watoto kwenye PS4 (ya kiwandani ni 0000, wanaijua) na kufunga uundaji wa akaunti mpya. Bado kaka zao wanaingia kucheza, kisha wanawaachia watoto pedi ya kuchezea.

Wenye vibanda, hapo mnadhibitije? Na ipo gemu gani ya PS4 yenye mji wa kuzurura na gari, bila mauaji?