Wenye steshenari, acheni kutuskania vyeti kwa nyeusi na nyeupe!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme. Hawa wanaotuskania vyeti wanawaharibia watu maisha kwa sababu ya sehemu moja tu ambayo hawataki kuigusa: ile ya kuchagua rangi.

Mdogo wangu aliomba kazi. Nakala za vyeti alizipeleka kwa wakili, zikagongwa muhuri na kusainiwa, kila kitu safi. Akapita steshenari kuziskani. Mhudumu hata hakuziangalia. Kaweka, kabonyeza, katuma kwenye imeili, kaita mteja mwingine. Maombi yamerudi yameandikwa kwamba nyaraka hazijathibitishwa! Nilipofungua zile faili machozi yalinilenga. Muhuri wa bluu uliofifia kidogo umebaki vipande vya ukingo wa duara, tarehe ya katikati haipo kabisa, saini imekatikakatika. Kwenye cheti kingine muhuri wa zambarau uligongwa juu ya maandishi, na vyote viwili vimekuwa doa moja jeusi. Jina la wakili husomi, namba husomi. Na muda wa maombi umeshapita.

Msiniambie ni bahati mbaya. Ukiiweka skana kwenye nyeusi na nyeupe, kila nukta ya karatasi inalazimishwa kuwa nyeusi tii au nyeupe pe, hakuna katikati. Bluu hafifu, penseli, risiti iliyoanza kupauka, vyote vinahesabiwa kuwa ni karatasi tupu na vinafutwa. Yale mapambo ya chinichini kwenye cheti nayo yanaweza kugeuka vumbi jeusi lililotapakaa juu ya majina ya watu. Mashine imefanya ilichoambiwa. Aliyeiambia ndiye ninayemlalamikia.

Tuliporudi pale kudai, jibu lilikuwa: "Dada, ya rangi bei yake nyingine." Nyingine kwa nini? Skana inakula wino gani? Skana inamulika karatasi na kusoma mwanga unaorudi, basi! Kuprinti rangi nakubali ni ghali, fotokopi ya rangi pia, maana pale wino unaisha kweli. Lakini kumtoza mtu zaidi kwa skani ya rangi, halafu asiyekuwa na nyongeza unamfutia muhuri wake bila hata kumwambia, huo ni wizi.

Halafu kuna wale wengine, ambao kila kitu kwao ni rangi. Mkataba wa pango, kurasa za maandishi meusi matupu, unaskaniwa rangi kamili tena kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Fanyeni hesabu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta karibu milioni 8.7. Kabla ya kubanwa, kwa rangi ni kama MB 26, kwa kijivu (isiyo na rangi ila yenye vivuli kati ya nyeusi na nyeupe) MB 8.7, kwa nyeusi na nyeupe MB 1.1 tu. Ukipanda hadi dpi 600, zidisha zote mara nne. Sasa mfumo wa maombi unataka faili isizidi MB 2, wewe umempa mtu mzigo usioingia popote, na bado karatasi imetoka ya njano na maandishi ya upande wa nyuma yanaonekana.

Na suluhisho lao sasa? "Tuipunguze mtandaoni." Wanachukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, mkataba wenye saini, wanavipandisha kwenye tovuti isiyojulikana ni ya nani, mbele ya macho yako, bila kuomba ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, jamani! Na faili ikirudi, herufi zimezungukwa na ukungu, 3 na 8 huzitofautishi.

Ni sekunde chache tu za kuangalia karatasi iliyo mkononi. Ni maandishi ya chapa matupu, meusi yaliyokolea? Nyeusi na nyeupe, dpi 300, faili inakuwa nyepesi na herufi zinakaa kali. Ni mwandiko hafifu, penseli, au fotokopi ya fotokopi iliyochoka? Kijivu. Kuna muhuri, saini ya wino wa bluu, picha? Rangi, na dpi 200 au 300 inatosha kabisa. Kisha fungua faili, kuza pale penye muhuri, msomee mteja tarehe kabla hujapokea hela yake.

Na nyie mnaotengeneza mifumo ya maombi hamjasalimika. Mnaandika "pakia cheti" na kikomo cha MB, mnaishia hapo. Kama mnataka muhuri uonekane kwa rangi yake, liandikeni hilo palepale kwenye kitufe cha kupakia. Na faili ikiwa haisomeki, mjulisheni mwombaji siku aliyoituma, wakati bado ana nafasi ya kuskani upya.