Mrejesho: masomo ya akina mama kwenye safari ya injili

Wapendwa, shalom. Niliwauliza niwafundishe nini akina mama kwa siku 3 za misheni, nikawaonyesha orodha yangu ya masomo 9. Mlinicheka, mkaniambia nipunguze. Nilipunguza, na tumerudi salama.

Nilibaki na mawili. Kushona pedi za kitambaa kulikwenda vizuri, sina la kuongeza, maana wengi walinishinda kwa sindano. Kazi ilikuwa kwenye maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Nilidhani nusu saa yatosha, kumbe yalikula asubuhi nzima! Kipimo ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, bila kilima. Sasa kila mama alikuja na kijiko chake, na havikulingana. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo tulirudia mpaka kila mmoja akapima mwenyewe, mimi nimekunja mikono. Bibi mmoja alionja, akasema isizidi chumvi ya machozi. Hiyo ndiyo waliyoishika kuliko namba zangu zote. Niliwasisitizia pia kwamba pakiti za kituo cha afya za kuchanganya maji hayo (ORS) zikipatikana, ndizo za kutangulia.

Kosa langu: ibada ndefu kabla ya somo. Watoto walilia, mama wakatoka. Siku ya pili tuliomba kwa ufupi, tukaimba huku tukishona.

Aliyeniuliza kuhusu vyeti: hatukutoa, na hakuna aliyevidai.