Mita 60: jembe la mkono lifukuzwe bondeni, mlingoti (mkaratusi) ubaki?

Mleta mada (Mufindi)
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu kiangazi kinabebwa na vinyungu, yaani vishamba vya bondeni. Mvua zikikatika mtu anashuka bondeni, anachimba vifereji, anainua matuta, anapanda mahindi, maharage, njegere na kabichi. Ada ya Januari inatoka hapo. Mama yangu ametusomesha kwa kinyungu kisichofika nusu ekari.

Kikaja kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Maofisa wakashuka na futi kamba. Sasa mabonde yetu mengine hayana hata huo upana. Ukipima kila upande bonde lote limekwisha na umeanza kupanda mlima. Mahindi ya mama yakafyekwa yakiwa yametoa mbelewele. Hatua chache pembeni ipo milingoti ya mtu, mizizi imo majini, haikuguswa.

Kama shida ni maji, nani anakunywa zaidi: kabichi ya miezi 3 au mlingoti wa miaka 10? Naomba hoja, si matusi.

Mchangiaji (Mbarali)
Pole kwa mama, mkuu. Ila kinyungu kimoja si tatizo, tatizo ni vijiji vizima kutoboa mabonde kwa mifereji. Maji yale yanakaa kwa sababu udongo umeyashika. Ukiyafungulia Juni, Oktoba utayatafuta. Mimi nimekulia Usangu, huku huku Mbarali. Mto Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha 1993, na tangu hapo kiangazi viboko wanabanana kwenye madimbwi. Na sisi tulianza na "wachache tu".

Mleta mada
Hapo kwenye viboko nakukatalia. Ruaha unaokatika hifadhini unatoka kwenye kinamasi cha Ihefu huko Usangu, pale mlangoni Ng'iriama. Maji ya kwetu yanaingia Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanakutana na Ruaha Mkuu chini ya hifadhi, kabla ya bwawa la Mtera. Hata ukifyeka kila bua la mabonde yetu haya, kiboko wa hifadhini hapati tone. Wanaomkausha ni mifereji ya mpunga ya huko kwenu, inayoteka maji hata mpunga ukishavunwa.

Mchangiaji (Mbarali)
Sikatai, mingine haifungwi mwaka mzima, tunasema ni maji ya nyumbani. Wafugaji waliondolewa Ihefu 2006, mwaka 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Ruaha, na mto bado unakatika. Kwa hiyo kuondoa watu peke yake si dawa, hilo nakupa. Lakini skimu zetu za umwagiliaji zina vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na zinalipia. Kinyungu kina kibali gani?

Mchangiaji (Njombe)
Mimi naishi kwa miti, nijitaje mapema. Msitukane mlingoti jumla jumla, nguzo za umeme vijijini mnadhani zinaota wapi? Mlingoti wa mlimani hauna kosa. Wa bondeni ndio mnyonyaji, na tuliupanda huko wenyewe kwa sababu unakua haraka. Ofisi nazo kila moja ina hesabu yake: wa misitu anahesabu miche, wa maji anahesabu vibali, wa mazingira anahesabu mita, halmashauri inahesabu ushuru wa kabichi na wa mbao kwa mkono uleule. Mto wenyewe hauko kwenye daftari la mtu.

Mleta mada
Umesema vizuri kuliko mimi. Sasa rudini kwenye kifungu chenyewe. Kinataja shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Kinyungu ni cha msimu, na kikiharibu ukingo kizuiwe, sina ubishi. Mlingoti wa miaka 10 si wa kudumu? Kwa sheria ileile ulitakiwa uwe wa kwanza kung'olewa.

Pendekezo langu: jumuiya ya watumia maji ipite bonde kwa bonde, milingoti iliyo majini itoke kwanza, vinyungu vibaki bila mifereji ya kukausha chemchemi, na mwenye kinyungu awe na kibali kama mwenye skimu.

Mchangiaji (Mbarali)
Nakubali, pamoja na kufunga mifereji yetu mpunga ukitoka. Ila hiyo milingoti ya jirani na mama ni ya nani?

Mleta mada
Ya diwani.