Urais wa Lincoln: mbali na kuachwa huru kwa watumwa, ni kipi kilichodumu?

Kalamu ya Mkaa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wenu. Ninasimamia klabu ya historia ya wanafunzi wa sekondari, na wiki iliyopita tulijadili urais wa Abraham Lincoln, aliyeapishwa tarehe 4 Machi 1861 na kupigwa risasi Aprili 1865, siku chache tu baada ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi, kusalimu amri katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nilieleza Tangazo la Ukombozi, lililowatangaza huru watumwa wa maeneo yaliyoasi, nikaeleza mapigano ya Gettysburg, nikadhani nimemaliza kazi. Ndipo kijana mmoja wa benchi la nyuma aliponyoosha mkono: "Mwalimu, vita vilikwisha na watumwa wakawa huru. Kuna kitu gani kingine cha wakati ule ambacho Mmarekani wa leo anakutana nacho?" Nilimjibu kwa maneno ya jumla kuhusu umoja wa taifa. Alikaa kimya kwa adabu, lakini niliona kwamba hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Ninyi mngemjibu nini?

Mzee wa Maktaba:

Mwalimu, ningemwambia kijana huyo aziache kwanza medani za vita, aingie ndani ya Bunge la Marekani na kuvitazama viti vilivyobaki vitupu. Majimbo 11 ya Kusini yalipojitenga, karibu wabunge na maseneta wake wote waliondoka, na hao ndio waliokuwa wakizuia kwa miaka mingi mambo ambayo Kaskazini iliyataka. Sheria ya kugawa ardhi ya umma kwa wakulima ilipita mwaka 1860, Rais James Buchanan akaipiga kura ya turufu. Sheria ya vyuo alikuwa ameikataa mwaka mmoja kabla. Na reli ya kwenda Pasifiki ilikuwa imekwama kwa sababu pande mbili hazikukubaliana ipite wapi. Wapinzani walipojiondoa wenyewe, miswada iliyokuwa imelala iliamka yote kwa mpigo.

Hebu azitazame tarehe. Tarehe 15 Mei 1862 Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha Idara ya Kilimo, tarehe 20 Mei sheria ya ardhi, tarehe 1 Julai sheria ya reli, na kesho yake sheria ya vyuo, wakati huohuo jeshi la Kaskazini la Jenerali McClellan likirudi nyuma kutoka viunga vya Richmond, mji mkuu wa Kusini. Kwa sheria ya ardhi, mkuu wa familia au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, ambaye hakuwahi kushika silaha dhidi ya serikali, aliweza kujipatia ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Kwa sheria ya vyuo, kila jimbo lilipewa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake, liziuze na kutumia faida ya fedha hizo kufundisha kilimo na ufundi. Chuo Kikuu cha Cornell ni tunda la sheria hiyo, na MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, nacho kilipata fungu lake.

Kuhusu fedha, hapo ndipo mwanafunzi wako atakapolipata jibu la kushika mkononi. Kabla ya vita noti zilitolewa na mamia ya benki za majimbo, kila moja na sura yake, hata mwenye duka alilazimika kuwa na kijitabu kando ya sanduku la fedha ili ajue noti ipi ni ya benki iliyo hai, ipi ya benki iliyokufa, na ipi ni ya bandia. Mwezi Februari 1862 serikali, iliyokuwa imeishiwa dhahabu ya kulipa askari, ilitoa noti zake yenyewe zenye mgongo wa kijani, nazo zikawa fedha halali nchi nzima. Kodi ya mapato nayo ilizaliwa na vita hivyo. Ilifutwa mwaka 1872 na kurudi kwa nguvu ya Katiba mwaka 1913, lakini ofisi ya kamishna wa mapato ya ndani iliyoanzishwa mwaka 1862 haikufungwa tena.

Wakili wa Mezani:

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, ninadhani umelitua jiwe la msingi mahali pasipo pake. Reli na vyuo vingekuja tu, pengine miaka 20 baadaye. Kilichobadilika kwa namna isiyorudishika ni Katiba. Tangazo la tarehe 1 Januari 1863 lilihusu maeneo yaliyoasi peke yake, na Kentucky na Delaware, zilizobaki upande wa serikali, ziliendelea na utumwa hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa Desemba 1865. Mwambie mwanafunzi ayasome maneno yenyewe, kwa maana yanapiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa "isipokuwa iwe adhabu ya kosa" ambalo mtu amehukumiwa kihalali. Kipengele hicho kidogo ndicho kinachobishaniwa hadi leo kila inapozungumzwa kazi ya wafungwa katika magereza ya Marekani.

Kisha kuna Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, ambayo Lincoln hakuishi kuyaona, lakini hayawezi kutenganishwa na vita vyake. Humo ndimo inamotoka kanuni kwamba anayezaliwa Marekani, akiwa chini ya mamlaka yake, ni raia, na humo ndimo Mahakama Kuu ilimosimama mwaka 1954 ilipokataza shule za umma kutenga watoto kwa rangi.

Tusimpake rais huyu mafuta mengi, hata hivyo. Ndiye aliyesimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu, mwanzo mwaka 1861 bila kulisubiri Bunge, na raia wakahukumiwa na mahakama za kijeshi. Mwaka 1866 Mahakama Kuu ilisema hilo haliruhusiwi mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi. Hoja hizohizo zilirudi mahakamani baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 2001.

Binti Pangani:

Mimi ninaongeza dogo kutoka pwani kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na foronya za kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ya ufuta, naye hakukiita kwa jina jingine ila merikani. Kitambaa hicho kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuja kutafuta pembe za ndovu na sandarusi chini ya mkataba ambao Sayyid Said aliusaini na Marekani mwaka 1833. Lincoln alipozifungia bandari za Kusini kwa manowari, pamba iliadimika viwandani, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na India zikaingia katika nafasi hiyo. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha aina hiyohiyo, nasi tukaendelea kukiita merikani.

Kalamu ya Mkaa:

Ninawashukuru nyote. Wakili, nitawasomesha maneno ya Marekebisho ya 13 neno kwa neno. Swali moja kwa Mzee: ekari hizo zote zilizogawiwa wakulima na vyuo zilikuwa mali ya nani kabla ya hapo?

Mzee wa Maktaba:

Marahaba Wakili, nakubali kuhusu Katiba, ingawa miaka 20 ya kuchelewa kwa reli na vyuo nisingeisamehe haraka hivyo. Mwalimu, zilikuwa za wenyeji asilia, na nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo. Mwezi Agosti 1862, huko Minnesota, Wadakota waliocheleweshewa malipo ya ardhi waliyokwisha kuitoa kwa mikataba, huku njaa ikiwauma, waliingia vitani na walowezi. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303, kesi nyingine zikimalizika kwa dakika chache. Lincoln alizipitia hati zao na kuwaondolea kifo walio wengi, lakini tarehe 26 Desemba watu 38 walinyongwa kwa pamoja katika mji wa Mankato, na mwaka uliofuata Bunge lilifuta mikataba ya Wadakota na kuwahamisha kutoka jimbo hilo. Sheria ya ardhi ilianza kutumika siku sita baada ya Mankato, tarehe 1 Januari 1863, siku ileile ya Tangazo la Ukombozi.