Baba ana miaka 76, mbwa ana miaka 9: niwakutanishe au niache?

Habari za jioni wenzangu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Pasaka, naomba mnisaidie mawazo.

Baba yangu anaishi Mikindani peke yake. Mama alitutoka mwaka juzi. Mimi niko Nyali na kazi yangu ni ya zamu, ndugu yangu yuko Voi. Kuna dada anayekuja kupika na kufua. Akiondoka saa kumi, mzee anabaki na redio. Huyu ni mtu aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini, amezoea makelele ya watu. Siku hizi nikimpigia jioni sauti yake imekauka. Nikimuuliza, "Baba, leo umeongea na nani?" ananijibu, "Na wewe."

Sasa kuna mama mmoja Bamburi anayehifadhi mbwa waliotupwa. Ana jike mmoja mweusi, wa kienyeji, miaka tisa hivi, ameshafungwa kizazi na kuchanjwa. Wenyewe walihama nchi wakamwachia mlinzi, mlinzi naye akahamishwa. Kila anayefika pale anataka kibwa kidogo. Huyu huinua kichwa, akiona hakuna anayemjia, hulala tena. Nilimwona mara moja tu na sijamsahau.

Baba alifuga mbwa ujanani kule Taita, kwa hiyo si mgeni. Ila anatembea kwa mkongojo, goti la kulia halina nguvu. Ua ni wa pamoja, na jirani wa mlango wa pili ni Waislamu, watu waliotusitiri sana mama alipougua. Sitaki kuwakosea. Na lililo zito kuliko yote: mbwa akifa, si nitakuwa nimemletea mzee msiba wa pili? Na baba akitangulia je, mbwa atarudi kule kule kuachwa?

Mwana wa Tudor:
Pole kwa msiba wa mama. Nitasema wazi, usinichukie. Mzee anakosa watu, na mbwa si mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake pamoja na serikali. Jamaa imetajwa humo, ndugu yangu. Kabla ya mbwa, wewe na wa Voi gawaneni siku za kwenda kumwona. Mbwa akija baadaye, aje akiwa nyongeza.

Msaidizi wa Mifugo:
Nafanya kazi na daktari wa mifugo hapa kisiwani. Kwa mtu wa mkongojo, mbwa wa miaka tisa ni bora mara kumi kuliko mtoto wa mbwa. Mdogo huruka, huvuta kamba, hutafuna viatu, na mzee anaanguka. Mkubwa tabia yake inajulikana tayari, na sehemu kubwa ya siku analala. Muulize huyo mama: anavuta kamba? Anang'ang'ania chakula? Anashtuka akiguswa usingizini? Majibu hayo yana maana kuliko rangi na sura.

Gharama usizidharau. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kupe wa pwani hawana msimu, na homa wanayoleta inaua. Ukiona ufizi umepauka na chakula kimemshinda, usingoje kesho. Damu ipimwe kabla hajahama, na meno pia yatazamwe. Ugali laini na dagaa unamfaa, ila kitunguu na mifupa iliyopikwa hapana. Miezi ya kaskazi atembezwe alfajiri au jua likishazama, kwa sababu mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, na baba asiizungushe mkononi kamwe.

Bi Kibokoni:
Mwanangu, umefanya vyema kuwafikiria jirani. Sisi wa pwani wengi ni Shafii. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini kumhurumia ni thawabu. Yumo katika hadithi za Bukhari yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Basi nenda kwao kabla mbwa hajafika, ukae, uwaulize. Waambie atafungwa wapi, na kwamba hatakaribia mfereji wa kutawadhia wala kamba za nguo. Ukimleta kwanza ndipo uombe radhi, hapo utakuwa umewakosea.

Mkwe wa Likoni:
Mama mkwe wangu alichukua mbwa mzee akiwa na miaka 71. Walikaa miaka mitatu. Mbwa alipokufa alilia, ndiyo, tukamzika chini ya mwembe. Ila miaka ile mitatu alikuwa anaamka kwa sababu kuna anayemngoja. Mimi nisingemnyima kwa kuogopa kilio.

Hilo la nani atatangulia, Uingereza kuna shirika la Cinnamon Trust, tangu 1985. Watu wake wa kujitolea huwatembezea wazee mbwa wao wakiugua, na mwenyewe akifa humchukua mbwa. Huku shirika lenu ni wewe. Mwambie huyo mama wa Bamburi kwa maandishi kwamba lolote likitokea mbwa ni wako. Usimpe baba mbwa ambaye wewe mwenyewe hungemchukua.

Mwenye uzi:
Asanteni nyote. Mwana wa Tudor, ulinichoma lakini ulisema kweli. Nimeongea na kaka: yeye Jumapili mbili za mwezi, mimi Jumatano na Jumamosi.

Kwa jirani nimekwenda. Bwana alisema mbwa afungwe upande wa mpapai, mbali na mfereji, basi. Mkewe akauliza anakula nini.

Jana nikampeleka baba Bamburi, sikumwambia kitu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbwa akaja akanusa mkongojo kutoka chini hadi juu, kisha akalala juu ya kiatu chake. Baba hakuusogeza mguu karibu saa nzima, na goti lile linamuuma. Tulipotaka kuondoka akamuuliza yule mama, "Usiku mnamfunika?"

Karatasi nimetia sahihi kwa jina langu. Msaidizi wa Mifugo, Jumatatu mnafungua saa ngapi? Nataka damu ipimwe kabla hajahamia.