Mrejesho: Hatimaye namwona binti yangu

Wakuu, niliuliza nitampataje binti yangu wakati mimi na mama yake hatukufunga ndoa na hela ya wakili sina. Basi nimerudi.

Karani wa mahakama alinipa fomu, nikajaza mwenyewe na kuomba nisamehewe ada. Kumbe kikwazo hakikuwa pesa: cheti cha kuzaliwa hakikuwa na jina langu, ikabidi ubaba uthibitishwe kwanza. Mama yake (namshukuru, jamani) alikiri kwa maandishi, vipimo vya DNA havikuhitajika. Tukapelekwa kwenye usuluhishi, tukaafikiana niwe namwona binti siku za Jumamosi, saa nne hadi kumi. Hakimu akayafanya makubaliano yale kuwa amri.

Jumamosi ya kwanza binti yangu alijificha nyuma ya mlango, akachungulia viatu vyangu tu.